Kidonda Kimekwenda Wapi?

Mwaka 2004 kituo cha Fox cha Marekani kilianza kurusha kipindi kinachoitwa The Swan. Wanawake waliojiona hawana sura, au walioambiwa hivyo wakaamini, walitolewa makwao wakawekwa mbali na familia kwa miezi mitatu. Vioo marufuku. Humo ndani pua zikachongwa, videvu vikasogezwa, mafuta yakanyonywa tumboni, matiti yakanyanyuliwa, meno yakavishwa maganda meupe. Juu yake mazoezi, chakula cha kupimwa na mshauri wa mambo ya moyoni. Siku ya kutolewa mtu anavishwa gauni la jioni, anasimamishwa mbele ya pazia, pazia linafunguka, kioo hicho hapo. Anajiona. Anaziba mdomo kwa viganja, magoti yanalegea, watu wanapiga makofi. Halafu, kwa kuwa kila kipindi kilikuwa na wanawake wawili, mmoja anaambiwa amechaguliwa kuingia shindano la urembo la mwisho wa msimu, na mwenzake anaambiwa asante, wewe basi.

Yaani mtu akatwe kote huko, halafu afeli.

Mimi nahariri video za harusi. Ofisi yangu iko Sinza, ghorofani, chini yake duka la vipuri, na vipindi vya aina hii nimekuwa nikivitazama kwa sababu mbili. Ya kwanza ni umbea, sijifichi. Ya pili ni kazi, maana wale watu wanajua kukata picha.

Anza na picha ya "kabla". Mtu anasimamishwa kwenye ukuta mtupu, taa moja ya juu inamshushia vivuli chini ya macho, amevaa nguo za ndani za kijivu, nywele zimebanwa, ameambiwa asitabasamu. Nipe bibi harusi yeyote wa Dar, hata yule ambaye alipoingia ukumbini kamati nzima ilisimama kwenye viti, nikimweka kwenye ukuta huo na taa hiyo nitakutolea mgonjwa. Picha ya "baada" ina taa tatu au nne, moja kutoka nyuma inayozungushia nywele mwanga, mpambaji amekaa na mtu muda mrefu, muziki unapanda taratibu. Kazi ya kisu na kazi ya taa zinaungana hapo, na huwezi tena kujua ipi ni ipi. Ndivyo inavyotakiwa.

Ila ufundi wao mkubwa ni kukata katikati. Daktari anachora mistari mwilini kwa kalamu, kitanda kinasukumwa kuelekea chumba cha upasuaji, zinapita sekunde chache za uso uliofungwa bendeji na sauti nzito ya mtu anayelalamika maumivu, tangazo la biashara. Tukirudi, gauni.

Aliyeliona pengo hilo kabla yangu ni mama yangu mdogo, mwenye saluni Magomeni. Enzi za madishi alikuwa ameweka televisheni juu ya kabati la mafuta ili wateja wasigombane wakisubiri zamu, na mchana mmoja ilikuwa inaonyesha Dr. 90210, kile kipindi cha E! kuhusu madaktari wa Beverly Hills. Mwanamke akapasuliwa tumbo. Mama mdogo akaenda kumsuuza mteja kichwa, akarudi, yule mwanamke yuko ufukweni na bikini.

"We mwanangu, kidonda kimekwenda wapi?"

"Kimepona, mama."

"Kimepona saa ngapi? Mimi nimekwenda kusuuza kichwa kimoja tu. Na nani alikuwa anamwogesha?"

Saluni nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amewahi kutolewa uvimbe kwenye kizazi, kwa hiyo wiki ya kwanza baada ya kisu anaijua: kukohoa kunauma, kucheka kunauma, kugeuka kitandani ni mradi wa kupangwa, na chooni unakwenda umeshikwa mkono na mtoto uliyemzaa mwenyewe. Alitaka kumwona huyo aliyeshika mkono. Hakuwemo.

Nilipoanza kufuatilia historia ya vipindi hivi niligundua kwamba hilo pengo lina mambo mengi ndani yake. Kilichofungua njia ni Extreme Makeover cha ABC, Desemba 2002. Mtu wa kawaida anasafirishwa hadi Los Angeles, madaktari na mtaalamu wa meno wanagawana sehemu za mwili wake, kisha anarudishwa kwa ndugu zake wamshangae. Mwaka 2005 mwanamke mmoja wa Texas aliishtaki ABC. Kwa mujibu wa madai yake, alikuwa amechaguliwa, amefika Los Angeles, na ndugu zake nyumbani wameshahojiwa mbele ya kamera na kubanwa waseme jinsi sura yake ilivyokuwa mbaya. Usiku wa kuamkia operesheni akaambiwa arudi kwao. Taya lake lingechukua muda mrefu mno kupona, na ratiba ya kurekodi haikuwa na nafasi hiyo. Akarudi na uso uleule, kwa watu waliokwisha kuusema. Dada yake, mmoja wa waliohojiwa, baadaye alijitoa uhai.

Ratiba haikuwa na nafasi ya kupona. Mimi ninayeishi kwa ratiba za wateja nilipolisoma jambo hilo nilizima kompyuta nikatoka nje kununua maji.

Vilivyofuata nitavipitia haraka. MTV walileta I Want a Famous Face, 2004, vijana wanaotaka sura za mastaa, wakiwemo mapacha waliotamani kufanana na Brad Pitt. Uingereza wakawa na Ten Years Younger. Korea Kusini, Let Me In kilianza 2011 na kufikia 2015 kikawa kimesimama, vyama vya wanawake vikiwa vimelalamika kwamba kinatangazia hospitali biashara. Mwaka 2014 E! wakaleta Botched, ambamo madaktari Terry Dubrow na Paul Nassif wanarekebisha waliokwisha kuharibiwa na visu vya wengine. Dubrow huyohuyo alikuwa mmoja wa madaktari wa The Swan. Simlaumu, kila fundi ana haki ya kurudi sokoni, lakini nilicheka.

Je, watu wanaiga? Mwaka 2007 jarida la madaktari wa upasuaji rekebishi lilichapisha utafiti mdogo wa wagonjwa 42 waliokwenda kwa mara ya kwanza kuuliza habari za upasuaji wa urembo. Wanne kati ya kila watano walisema televisheni ndiyo iliyowasukuma. Waliotazama sana walijiona pia wanaijua shughuli yenyewe kuliko wenzao. Hapo ndipo penye hatari. Umetazama saa nyingi, unadhani umeona yote.

Mtu wa Pwani hawezi kusikia habari za ile miezi mitatu ya The Swan bila kumkumbuka mwali. Kwa Wazaramo, wenyeji wa mji huu, binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani, zamani kwa miezi mingi, mbali na jua na macho ya watu. Alifundwa, akasingwa, akalishwa anenepe na ngozi itakate. Alikuwa na mwana hiti wake, kisanamu cha mti cha kukitunza na kukipaka mafuta. Siku ya kutolewa ngoma inalia, mwali amepambwa anabebwa mabegani, mtaa wote unatoka kumwona. Tusijidanganye kwamba wazee wetu hawakujali umbo. Walijali sana, na binti akitoka amekonda maneno yangeanza. Walioifupisha desturi ile ikaingia kwenye likizo ya shule walikuwa na sababu nzuri, kwa sababu masomo ya wasichana wengi yaliishia mle ndani. Lakini kwenye ngoma ile kila mtu alijua nani alikaa na mwali. Kungwi anajulikana, somo anajulikana, wanatunzwa khanga na hela mbele za watu na nyimbo zinawataja. Kwenye Extreme Makeover anayetunzwa ni daktari. Mama mzazi na mume wamepangwa upande wa pili wa chumba, kazi yao ni kushangaa.

Na sisi tumeshaingia. Muda mrefu Dar ilikuwa na njia zake za mkato: kigodoro cha kuvaa ndani ya sketi, dawa za Kichina za kuongeza shepu zinazouzwa kwa minong'ono Kariakoo, na mkorogo. Huu mkorogo naujua kutokana na picha. Kila harusi ina pale maharusi wanaposhika kisu kimoja kukata keki, na mpiga picha yeyote mwenye akili anasogeza kamera karibu kuchukua mikono na pete. Uso wa bibi harusi umetakata, vifundo vya vidole vimegoma. Nimeshaombwa nisiitumie picha hiyo, nimeshaombwa niipeleke nyeusi na nyeupe, nimeshaombwa "uipake rangi dada, unaweza". Naweza. Zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi, na tangu 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko kwa Shirika la Viwango, TBS, lakini kopo lisilo na lebo halisomeki. Anayetumia cream zenye steroidi kwa miaka ngozi yake inakuwa nyembamba, na ngozi hiyo ikifika kwenye kisu inapona kwa shida. Hilo hulioni kwenye picha, si yangu wala ya mwingine.

Kisha mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, kule Mloganzila, ikatangaza huduma ya upasuaji wa kurekebisha maumbo. Tayari walikuwa wanaweka puto tumboni kwa wanaotaka kupunguza uzito. Wengi walizomea. Mimi nilifurahi, na bado nafurahi. Kama mtu ameamua, afadhali apasuliwe penye daktari wa usingizi na wodi ya wagonjwa mahututi kuliko kwenye chumba cha kupanga cha mtu anayejiita daktari kwenye Instagram. Mwili ni wa mwenyewe. Mwanamke aliyezaa mara nne na tumbo halirudi, aliyebeba matiti yanayomuumiza mgongo tangu usichana, sina maneno ya kumwambia zaidi ya kumtakia kheri. Upasuaji wenyewe sina ugomvi nao.

Nina ugomvi na mkasi, na mkasi wenyewe ninao mimi.

Dada mmoja mfanyabiashara wa nguo za watoto alinijia na flashi. Alikuwa amesafiri nje ya nchi kufanya ile inayoitwa BBL, yaani Brazilian Butt Lift: mafuta yananyonywa tumboni na kiunoni, yanadungwa makalioni. Jina linaipeleka Brazil, na daktari wa huko Ivo Pitanguy ndiye anayetajwa sana kwenye historia yake. Mafuta hayo yakidungwa ndani ya msuli yanaweza kupenya kwenye mishipa mikubwa ya damu, yakapanda hadi moyoni na mapafuni, na mtu akafia hapohapo mezani. Mwaka 2018 jopo la vyama vya madaktari wa fani hiyo lilikadiria kifo kimoja katika kila operesheni 3,000 hivi, kiwango cha juu mno kwa upasuaji wa urembo, na chama cha madaktari hao cha Uingereza, BAAPS, kikawashauri wanachama wake waache kuifanya. Dada wa watu alipona, namshukuru Mungu. Alitaka video ya dakika moja: kabla, baada, muziki, mwisho jina la duka lake.

Kwenye flashi kulikuwa na zaidi ya alichokusudia kunipa. Mdogo wake alisafiri naye, na alikuwa anarekodi kwa simu. Chumba cha hoteli, mapazia yamefungwa, mtu amelala kifudifudi, mirija miwili inatoa maji ya rangi ya chai kwenye vichupa. Mdogo mtu anapima maji na kuandika kwenye daftari. Anamvua ile nguo ya kubana, anaifua kwenye sinki, anaikausha kwa mashine ya nywele kwa sababu ni moja tu. Baadaye wako Dar, Tabata, Januari ile ya joto lisilo na huruma, umeme umekatika, mgonjwa yuko vilevile kifudifudi na nguo ya kubana kuanzia chini ya matiti hadi magotini, mdogo anampepea kwa kipande cha boksi. Siku ya kwenda kubadilisha bendeji mgonjwa hawezi kukaa, basi amepiga magoti ndani ya bajaji ameshikilia kiti cha dereva, na dereva anauliza, "Huyu anaumwa nini?" Sauti ya mdogo mtu inajibu, "Mgongo." Kisha kamera inatikisika kwa kicheko, na mgonjwa anapiga kelele, "Usinichekeshe, we mtoto, nyuzi!"

Nimehariri harusi nyingi. Sijawahi kupata picha nzuri kama zile.

Nikampigia. "Dada, hii ya katikati tunaifanyaje?"

"Ya katikati ipi?"

Nikamweleza.

"Aa, hiyo toa. Hiyo ya nini? Ina harufu."

Nikatoa. Mteja kalipia dakika moja, anapewa dakika moja. Video ilikwenda vizuri sana, duka likapata wateja, na simu zikaanza kumiminika za wanawake wanaouliza bei. Alinisimulia mwenyewe, kwa fahari na uchovu kidogo: bei, jina la daktari, inachukua siku ngapi. Yupo aliyeuliza kama anaweza kwenda na kurudi ndani ya wiki ya mapumziko ya kazini, peke yake.

Huyo peke yake ndiye anayeninyima raha. Video yangu haikumdanganya kwa neno hata moja. Picha zote mbili ni za kweli, tena za mtu mmoja. Lakini imemwonyesha safari isiyohitaji mtu wa pili. Atafika kule, atawekewa mirija, na hatakuwa na mtu wa kuandika kwenye daftari maji yametoka kiasi gani, wala wa kuona kwamba mguu mmoja umevimba kuliko mwingine, dalili ambayo baada ya operesheni kubwa haitakiwi kusubiri kesho, kwani damu inaweza kuwa imeganda mguuni.

Fani hii ya kurekebisha sura haikuzaliwa na mapazia. Daktari Harold Gillies alipokuwa anawashonea nyuso askari wa Vita Kuu ya Kwanza kule Sidcup, Uingereza, kuanzia 1917, kazi ilikwenda kwa hatua, operesheni baada ya operesheni, na katikati ya hatua hizo askari waliishi hospitalini na nyuso zao nusu, wakaonekana. Hapa kwetu nenda hospitali ya CCBRT, Msasani, wanakoshona watoto waliozaliwa na mdomo sungura. Mama anakabidhiwa mtoto mwenye nyuzi mdomoni, anafundishwa namna ya kumlisha na kuzuia mikono isifike kwenye kidonda. Mabadiliko ya sura makubwa kuliko hayo siyajui, na hakuna wa kumwambia yule mama kwamba yalitokea wakati wa tangazo la biashara.

Mdogo mtu ndiye aliyekuja kuchukua flashi. Msichana mwembamba, mchangamfu, anasoma chuo. Akaangalia dakika moja ya dada yake mpaka mwisho, akasifu. Kisha akauliza kama zile za hoteli na za Tabata bado zipo.

"Zipo. Ila mwenyewe amesema zitolewe."

"Kwenye yake, sawa. Mimi naomba zangu, dada."

Nikamwekea kwenye simu. Alitaka kunilipa, nikamwambia akalipie bajaji.

Nilipomsimulia mama mdogo, hakuwa na la kusema kuhusu shepu ya mtu. Huko alishamaliza zamani, anasema saluni imemfundisha kwamba anayetaka kubadilika atabadilika. Alichokishika ni kipindi. Anataka kitengenezwe hapahapa Dar, na kianze siku ya pili baada ya operesheni. Mgonjwa tusimwonyeshe uso kama hataki. Tumwonyeshe anayepika uji, anayepanga dawa kwa saa, anayeomba ruhusa kazini akidanganya kwamba amefiwa, anayegombana na mgonjwa asiyetaka kutembea hatua kumi ndani ya nyumba. Mwisho wa kila kipindi anayeitwa mbele na kutunzwa awe huyo. Yeye mwenyewe yuko tayari kutoa doti za khanga.

Nikamwambia wazo ni zuri lakini televisheni inaendeshwa na wadhamini, na kliniki haiwezi kudhamini kipindi kinachoonyesha mirija. Akafikiri, mikono ikiwa bado kwenye nywele za mteja.

"Si wapo watu wa sabuni ya unga? Unajua mashuka mangapi yanafuliwa pale?"

Mteja, kichwa kikiwa ndani ya sinki, akadakia kwamba na wa nepi za watu wazima tusiwasahau. Nimeshaanza kuandika barua kwa kampuni moja ya sabuni. Bei ya dakika moja nimeweka ileile ya harusi.